Gusa Chuma Kwanza: Mama Chuma Anafunga Karakana

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Mama Chuma atakabidhi funguo za karakana ya kompyuta na kuhitimisha miaka thelathini na minne na miezi mitatu ya utumishi katika kiwanda chetu cha vitabu vya nukta nundu. Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu wake kwa ukurasa mmoja. Niliwajibu kwamba ukurasa mmoja hautoshi hata kwa mambo aliyotukemea mwaka huu peke yake, wakaniongezea kurasa tatu.

Kwa mgeni atakayeokota jarida hili, nukta nundu ni maandishi ya sisi tusioona, yaani nukta zilizoinuka kwenye karatasi, zinazosomwa kwa vidole. Mimi ni msahihishaji. Kila ukurasa unaotoka kwenye mashine hupita chini ya vidole vyangu kabla haujafungwa kuwa kitabu. Mama Chuma ndiye aliyehakikisha kwa miaka yote hii kwamba kuna ukurasa wa kupita.

Hakuajiriwa kama fundi. Aliingia hapa kama mpigachapa, akiwa na cheti kimoja na kucha fupi. Mwaka uliofuata ikaletwa kompyuta ya kwanza ndani ya boksi, ikakaa kwenye boksi lake wiki saba kwa sababu kila mkuu wa idara alikuwa akimsubiri mwenzake aifungue. Mama Chuma akalifungua siku moja wakati wa chai, kwa kisu cha kukatia mkate. Wakubwa waliporudi walimkuta amekaa sakafuni anasoma kijitabu cha maelekezo, na tangu siku hiyo hakuna aliyemrudisha kwenye mashine ya kuchapia.

Katika mwaka wake wa pili wa ufundi aliua mazabodi. Kwa wasiojua, mazabodi ni ule ubao mkuu ndani ya kompyuta, ambao vipande vingine vyote huchomekwa juu yake. Ulikuwa msimu wa baridi kavu, naye alikuwa amejitanda mtandio wa nailoni. Alinyoosha mkono, ikatoka cheche ndogo isiyoweza hata kumwamsha mtoto, na ubao ukanyamaza moja kwa moja. Umeme tuli ndivyo ulivyo. Mwili huukusanya kimya kimya kwenye nguo na mazulia, kisha huutoa wote kwa mara moja kwenye kitu cha kwanza kitakachoguswa na kidole. Wewe unashtuka kidogo tu, lakini kipande cha kompyuta ndio mwisho wake.

Mwingine angeuzika ule ubao kwenye pipa la taka na kusema umekuja mbovu. Yeye aliutundika ukutani mwa karakana, penye mlango, akaupa jina la Marehemu, na kila aliyeuliza alijibiwa vilevile, "Huyo nilimuua mimi, kwa mtandio." Baadaye Marehemu akawa mwalimu wangu. Nilijifunza mazabodi kwa kuupapasa ubao ule ukutani: kapasita, vile vihifadhi umeme, zimejipanga kama matangi ya maji juu ya mapaa, nafasi mbili ndefu za kuchomekea memori, yaani vipande vya kumbukumbu ya kompyuta, na kibetri cha duara kilichokaa peke yake pembeni.

Baada ya msiba huo ndipo jina la Mama Chuma likazaliwa. Alichukua msasa akakwangua rangi ya kijani kwenye nondo moja ya dirisha, urefu wa shubiri moja, mpaka chuma kikabaki kitupu. Akafunga waya wa shaba kwenye nondo hiyo, akaushusha nje mpaka kwenye fimbo aliyoizika ardhini. Kuanzia hapo, hakuna aliyeingia karakana bila kugusa chuma kwanza, ili umeme wa mwilini ushuke ardhini kabla hajagusa kitu kingine. Salamu zilifuata baadaye. Mkurugenzi mmoja aliingia na ujumbe wa wageni, akaanza kuwatambulisha, Mama Chuma akamkatiza kwa adabu zote, "Karibu sana, mheshimiwa. Chuma kwanza." Waligusa wote, wakapanga foleni mbele ya dirisha, suti na tai.

Udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Kwa hiyo kila Jumatatu ya kiangazi alitoka na ndoo ndogo akaimwagilia ile fimbo. Mlinzi mmoja mgeni alimtazama wiki tatu nzima, uzalendo ukamshinda. "Mama, hiki ulichopanda mbona hakioti?" Akajibiwa, "Kimeshaota. Wewe unadhani kompyuta zinaishi kwa nini?" Mlinzi yule aliwaonya wenzake kwamba yule mama ni mtu mzuri ila asisumbuliwe siku za Jumatatu.

Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, ndiye aliyetushonea makoti ya pamba tupu ya karakana. Sweta za nailoni zilivuliwa mlangoni, na hakuna aliyesamehewa kwa sababu ya baridi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Miaka tisa iliyopita macho ya Mama Chuma yalianza kumtania. Skrubu ndogo alizishika mbali kwa urefu wa mkono, halafu akaona mkono wenyewe mfupi. Akaanza kuniita nimsaidie kuchomeka vipande, kwa kuwa vidole vyangu huhisi kitu kikikaa sawasawa kabla hakijalia. Aliniita Vidole. "Vidole, njoo unisomee hapa," na mimi niliacha kila kitu. Nilikuwa nimesahihisha kurasa za wengine miaka mingi, na hapo kwa mara ya kwanza nikatengeneza kitu mwenyewe.

Meneja wetu wa uzalishaji, ambaye wakati huo alikuwa na miezi minne kazini, hakupenda. Alisema kikaoni, mbele ya watu wote, kwamba wasioona wabaki chumba cha kusoma na mashine ziachiwe wenye macho. Mama Chuma alisimama akasema maneno machache, "Nikiwepo mimi, anagusa. Likiharibika jambo, niulizwe mimi." Kwa hiyo ruhusa yangu ya kuingia karakana ilikuwa ni neno lake tu, halikuandikwa popote.

Mwezi huohuo kiwanda kilikarabatiwa. Zulia jipya likatandikwa ukumbini, na wapaka rangi wakapita kila mahali penye ukuta, mlango na dirisha. Kazi yetu haikusimama, maana tulikuwa tukitoa karatasi za mtihani wa mwisho kwa watahiniwa arobaini na saba wasioona. Mashine yetu kubwa ya kupiga nukta ilikuwa ya zamani, na iliongozwa na kompyuta moja tu ya rika lake. Mlango mpana wa kuchomekea waya wake haukuwepo tena kwenye kompyuta mpya.

Jumatano asubuhi Mama Chuma aliifungua kompyuta hiyo kuipangusa vumbi, kisha akaniita nirudishe kipande cha memori. Nilipita juu ya zulia jipya nikiwa na haraka, sweta bado mwilini, nimesahau kuivua. Nilifika dirishani nikagusa nondo. Haikuwa chuma. Vidole viliniambia papo hapo: pale pakavu, palipokuwa baridi na parefu shubiri moja, palikuwa na rangi ya mafuta, laini, bado inanata kidogo. Wapaka rangi walikuwa wamepapaka kijani kama nondo nyingine zote. Mwenye macho asiyeitazama kwa makini asingeona tofauti, na rangi ile hairuhusu umeme kupita hata kidogo.

Nilijua, na sikusema. Mama Chuma alikuwa mlangoni akizungumza na mtunza stoo, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kusimamisha kazi kwa sababu ya rangi. Nilisema moyoni kwamba nimegusa, inatosha. Nikapapasa ubao, nikaipata nafasi ya kwanza ya memori, na cheche ikanichoma kidole cha shahada. Nikakisukuma kipande kikakaa. Aliporudi nikamwambia, "Tayari, Mama, kimekaa." Alipowasha, feni zilizunguka, lakini ule mlio mmoja mfupi unaosema kila kitu ni kizima haukuja.

Alianza kazi kwa utaratibu wake ule ambao wote tumeuiga. Kwanza soketi ya ukutani, kwa kuchomeka taa ya mezani. Kisha waya. Kisha pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, akachomeka cha kompyuta nyingine. Kila mara kabla ya kugusa alichomoa waya wa umeme na kubonyeza kitufe cha kuwashia, ili umeme uliojificha ndani uishe. Akautoa ubao kwa kuushika kingo zake tu, akaulaza juu ya kadibodi kavu. Hapa huwa anawakemea wengi, kwa sababu mafundi wachanga huulaza juu ya ule mfuko wa kijivu unaong'aa unaokuja na ubao, wasijue kwamba mfuko huo hulinda kwa ndani na kwa nje unapitisha umeme. Akaondoa kila kitu, akabakiza prosesa, ule ubongo wa kompyuta, bila memori, akawasha. Ubao ukalia mara tatu, mlio mrefu mrefu.

"Unasikia?" aliniambia. "Analalamika. Maiti halalamiki."

Lakini alipochomeka memori, kimya. Akaazima kipande kingine, akakiweka pale pale nafasi ya kwanza kama kijitabu kinavyoagiza. Kimya. Akabadilisha kibetri cha duara. Kimya. Alhamisi ikaisha hivyo. Fundi wa duka moja aliletwa, akautazama ubao muda wa kunywa glasi ya maji, akasema umekufa na wa aina hiyo kuagizwa ni mwezi mzima. Mtihani ulibakiza siku kumi na moja. Siku sita kati ya hizo zilihitajika kwa kupiga nukta.

Ijumaa saa mbili meneja alikuja karakana na barua aliyoiandika kwa baraza la mitihani, kwamba mashine imekufa na watahiniwa wetu arobaini na saba waahirishwe mpaka mwaka ujao. Ilihitaji sahihi ya fundi. Akaiweka mezani akatoka, kwa sababu ni mtu muungwana na hakutaka kumsimamia.

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, mkono wangu uko juu ya Marehemu. Nilikuwa nimeupapasa ubao ule mara mia kwa ajili ya kapasita na nafasi zake. Asubuhi hiyo nikawa nafikiria kwa nini uko ukutani. Niliogopa, sitaficha. Nikisema, ingeonekana meneja alisema kweli kikaoni, nami ningerudi chumba cha kusoma na kubaki huko. Na neno la Mama Chuma lingeharibika pamoja na langu. Nisiposema, watu arobaini na saba wangepoteza mwaka. Nilisoma kwa vitabu vya kiwanda hiki, najua mwaka mmoja wa kukaa nyumbani kusubiri karatasi unafananaje.

"Mama," nikasema, "chuma kilikuwa kimepakwa rangi. Nilihisi Jumatano. Nikagusa ubao hivyohivyo, ikanipiga cheche. Sikukwambia."

Nilisikia bisibisi ikiwekwa mezani. Nikasikia hatua zake mpaka dirishani, halafu ukucha ukikwangua rangi, taratibu, mara mbili tatu. Nilijiandaa kufukuzwa.

"Cheche ilikuwa wapi? Kidole kipi?"

"Shahada, mkono wa kulia. Kwenye ncha ya nafasi ya kwanza ya memori."

Akaja mezani, akavaa mkanda wake wa mkononi wenye waya wa kushusha umeme, akaubana kwenye waya wa shaba wenyewe, akanifunga na mimi wa pili. Akaenda ofisini kwa meneja, akarudi na kipande cha memori kutoka kwenye kompyuta ya meneja mwenyewe. "Kijitabu kinasema nafasi ya kwanza," akasema. "Nafasi ya kwanza umeiua, pamoja na kipande kilichokuwa ndani yake. Siku mbili nazika memori isiyo na ubaya kwenye kaburi lile lile. Weka ya pili."

Nikaweka nafasi ya pili. Kikakaa. Akawasha.

Mlio mmoja, mfupi.

Sijawahi kusikia muziki ulionifurahisha kama ule. Baada ya robo saa mashine kubwa ilianza kugonga, na iligonga siku sita. Meneja aliandika kwa kalamu siku zote hizo, kwa kuwa memori yake ilikuwa kazini, na naweza kuthibitisha kwamba hakulalamika zaidi ya mara nne. Barua yake tulifungia vitafunio. Watahiniwa arobaini na saba walifanya mtihani wao siku iliyopangwa, saa iliyopangwa.

Jioni ile Mama Chuma alinikalisha kwenye kiti cha karakana. Alikuwa amekasirika, na alinieleza vizuri. "Kuua kipande si ajabu, hata mimi yule pale nilimuua. Zile siku mbili ulizonizungusha ndizo zinaniuma. Fundi akinyimwa habari anatengeneza nini?" Nikamwomba radhi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea, kwamba yeye mwenyewe aligusa nondo ile Jumatano na Alhamisi, mara kumi kwa siku, akiangalia pembeni, asitambue kitu. "Nyumba nzima ina macho, na aliyejua ni wewe mmoja."

Ripoti aliyoiandika ilikuwa ya mistari mitano. Sababu ya hitilafu: nondo ya kugusia ilipakwa rangi wakati wa ukarabati. Mhusika: fundi, kwa kutokagua. Pendekezo: nondo ikaguliwe kila asubuhi kabla ya kazi kuanza, na ukaguzi huo afanye msahihishaji, kwa kuwa ndiye pekee kiwandani anayejua rangi na chuma kwa kugusa. Kwa ajili hiyo apewe ufunguo wake wa karakana.

Meneja aliisoma, akaisaini, akauleta ufunguo mwenyewe mpaka mezani kwangu. Habari ya ukimya wangu wa siku mbili hakuijua, na leo ndiyo kwanza anaisoma hapa. Bwana meneja, samahani sana, na asante kwa memori. Mama Chuma hakunipa ruhusa ya kuyatangaza haya, lakini kesho atakuwa mstaafu na hataweza kuniandikia ripoti.

Tangu siku ile nimeikagua nondo kila asubuhi saa moja na nusu, miaka tisa, isipokuwa nilipougua matubwitubwi. Katika miaka hiyo tisa karakana haijapoteza mazabodi hata moja kwa umeme tuli. Mama Chuma amefundisha mafundi kumi na wawili walioko sasa katika viwanda na ofisi mbalimbali, na nasikia kila walikokwenda kuna dirisha lililokwanguliwa rangi. Kompyuta ile ya zamani bado inafanya kazi, kwa nafasi yake ya pili. Nafasi ya kwanza ameifunika kwa kipande cha plasta, na akipita mgeni humwambia ni jeraha la vita bila kutaja jina la askari.

Anasema akistaafu atalala mpaka saa mbili, na atatengeneza redio za majirani. Mumewe ametuomba tumweleze, kwa kuwa sisi anatusikiliza, kwamba cherehani haina ugonjwa wowote na isifunguliwe.

Wiki hii wapaka rangi walirudi, kupendezesha majengo kwa ajili ya sherehe. Jumatano asubuhi niliingia karakana na moyo uko juu, nikanyoosha mkono dirishani. Chuma kilikuwa kitupu, baridi, shubiri moja kamili. Alikuwa amekifunika kwa utepe wa karatasi wenye gundi usiku wa kuamkia kazi yao, akasimama pembeni mpaka wakamaliza.

Lakini juu ya chuma palikuwa na kitu kipya. Ni kibati chembamba, kimebanwa kwa skrubu mbili, na kimepigwa nukta kwa msumari na nyundo. Mama Chuma, ambaye kwa miaka thelathini na minne alisema vidole vyake ni vya skrubu tu na nukta nundu wazisome wenyewe, alikuwa amejifunza bila kumwambia mtu. Wenzangu wamedhani ni pambo. Waliouliza nimewaambia kimeandikwa gusa chuma kwanza. Nimewadanganya. Kimeandikwa maneno matatu: Asante kwa kusema.

Nukta zake hazilingani. Nyingine zimezama, nyingine zina makali ya kukwaruza kidole, na mstari unapanda upande wa kulia. Ningeletewa ukurasa wa namna hiyo ningeurudisha kabla sijafika katikati. Nimekisoma kibati hicho asubuhi tatu mfululizo, na kama msahihishaji wa kiwanda hiki nimekipitisha kama kilivyo.

Mama, tunakushukuru kwa kila ulichokitengeneza, sisi tukiwemo. Nenda upumzike, ulale mpaka saa mbili, na maisha yako yawe mema. Jumatatu nitaimwagilia fimbo.